Alama ya Pili

Mkaguzi wa magari alikuwa chini ya gari lililopondeka, miguu tu ndiyo ilionekana, na sauti yake ilitoka huko kama ya mtu aliyefukiwa.

"Shika hii, afande."

Mkono uliochafuka oili ulijitokeza ukiwa na boliti moja nene. Inspekta aliipokea kwa kipande cha gazeti. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, na uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi ulinuka mafuta. Gari lenyewe, dogo la rangi ya buluu, lilikuwa limekunjwa hadi kwenye kiti cha dereva. Muuguzi aliyekuwa akiliendesha Jumanne asubuhi, akienda zamu yake, alizikwa jana.

"Tumeiokota barabarani, hatua mia tatu kabla ya ukuta wa daraja," mkaguzi alisema akijitoa huko chini. "Angalia meno yake. Mazima. Haikukatika hii, ilijifungua. Ilikuwa inashika kaliper, yaani kibano cha breki, kwenye gurudumu la mbele kushoto. Ilipotoka, nyingine haikuweza kubeba mzigo peke yake. Kaliper ikaning'inia, ikararua mpira wa breki, mafuta yakamwagika. Mama wa watu alipofika kwenye mteremko akakanyaga breki, alikanyaga hewa."

"Sema tena."

Mkaguzi alisema tena bila kunung'unika. Kituo kizima kilikuwa kimezoea. Walimwita Inspekta Mama Tena, na wengine walidai kwamba hata mumewe alilazimika kumposa mara mbili.

"Na boliti hujifungua yenyewe lini?"

"Isipokazwa. Hakuna lini nyingine."

Inspekta aliigeuza boliti kwenye mwanga. Kichwani mwake palikuwa na mstari wa rangi nyeupe, mwembamba, uliopindapinda kama maandishi ya mtu anayeandika ndani ya basi.

"Rangi hii?"

"Mafundi makini huweka. Ukimaliza kukaza unachora mstari, unaanzia kwenye boliti unaishia kwenye chuma kilicho jirani. Siku ikilegea, mstari unaachana, unaona kwa macho."

"Kwa hiyo aliyechora aliamini ameshakaza."

"Aliamini kabisa. Hakuna anayechora kabla ya kukaza."

Inspekta alikunja gazeti, akatoa kwenye jalada karatasi ya maungamo na kuisoma palepale alipochutama. Iliandikwa jana, Jumatano. Kijana wa miaka thelathini na mitano, mzaliwa wa kwanza katika gereji ya familia, alikuja kituoni kwa miguu yake kabla hata hajaitwa. Sentensi ya tatu ilisema: *Nilisahau kukaza boliti za kaliper.*

Aliisoma mara mbili, akasimama.

Mkuu wa kituo hakupendezwa. "Saa nane gari la mahakama linakuja kumchukua. Amekuja mwenyewe, amekiri mwenyewe, amesaini mwenyewe. Unataka nini zaidi, ajifunge na pingu mwenyewe?"

"Nataka hadi saa nane."

"Unayo. Dakika moja baada ya hapo huna."

*

Yule aliyekiri, gerejini walimwita Jeki, kwa sababu tangu utotoni kila kizito kilichohitaji kuinuliwa kiliinuliwa na yeye. Alikaa mbele ya Inspekta, viganja vikubwa juu ya meza, macho mekundu ya mtu asiyelala siku ya pili.

"Ulifunga kaliper Jumatatu saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

"Kwa spana gani?"

"Ringi spana, namba kumi na saba."

"Ukasahau kukaza."

"Nikasahau."

"Boliti zote mbili."

"Zote mbili, afande."

"Ukasahau kukaza, lakini ukakumbuka kuchora mstari wa rangi."

Vidole vya Jeki vilijikunja taratibu.

"Mazoea," alisema hatimaye. "Mkono ulichora wenyewe."

Lilikuwa jibu zuri. Inspekta aliliandika. Alipoinua kichwa, Jeki alikuwa anamtazama kama mtu anayetaka kuomba maji na anaona haya.

"Mzee wangu," alisema. "Ameambiwa nini?"

"Ameambiwa mwanawe amekiri. Kwa nini?"

"Basi. Nilitaka kujua tu."

Hakuuliza atafungwa miaka mingapi wala kama atapata wakili. Inspekta alitoka, na kwenye kaunta ya mapokezi akakuta mwanamume mnene ameshika koti la kazi lililokunjwa vizuri. Askari wa zamu alikuwa anamfukuza kwa adabu.

"Ni la Jeki," mwanamume alieleza. "Mimi nina lori. Aliliacha ndani ya kichwa cha lori langu. Nimesikia yuko hapa, nikasema usiku kuna baridi."

"Aliliacha lini?"

"Jumatatu. Gia ilinifia barabara kuu, nikampigia. Alifika saa sita mchana, tukatoka kule jua linazama."

"Hakuondoka katikati? Hata nusu saa?"

"Aondoke vipi, afande? Gia boksi ilikuwa kifuani mwake."

Inspekta alilipokea koti kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini.

*

Gereji ilikuwa mbele ya nyumba. Au tuseme nyumba ilikuwa nyuma ya gereji, maana miaka ishirini na minne ya kazi ilikuwa imeisogeza sebule hadi ukutani. Baba yake Jeki aliianza baada ya kampuni ya mabasi kufungwa na makanika kurudishwa makwao: jeki moja, sanduku la spana, na mkewe, ambaye sasa ni marehemu, akimshikia taa. Watoto watatu walijifunza kuhesabu kwa namba za spana. Sasa palikuwa na paa la mabati, shimo la kukagulia magari na ubao uliopakwa rangi kwa mkono. Leo geti lilikuwa limerudishwa nusu na hapakuwa na mteja hata mmoja.

Inspekta hakubisha. Alisikia kitu kikisuguliwa, akafuata sauti.

Kitinda mimba, ambaye kila mtu alimwita Cheche kwa kuwa ndiye mchomeleaji, alikuwa amepiga magoti kando ya teksi iliyoinuliwa juu ya stendi nne za chuma, magurudumu yote yametolewa. Mkononi alikuwa na kitambaa. Harufu ya thina, maji ya kufutia rangi, ilikata pua.

"Unafuta nini?"

Cheche aliruka, akagonga kichwa kwenye bodi, kisha akafanya alilolifanya: akakimbia. Hakufika mbali. Geti aliloliacha nusu wazi lilikuwa na askari aliyekuja na Inspekta. Alirudishwa akihema, kitambaa bado kimo mkononi.

"Kaa hapo," Inspekta alimwambia. "Sijakuuliza kitu kigumu."

Aliinama kwenye teksi. Kaliper za magurudumu matatu zilikuwa zimesafishwa hadi chuma kinang'aa. La nne, la nyuma kulia, Cheche alikuwa hajalifikia. Pale boliti za kaliper zilikuwa na mistari yake. Mweupe, mwembamba, uliopindapinda. Na juu ya mweupe, ukiukata katikati, mwingine wa njano, mnene na ulionyooka.

Mistari miwili. Inspekta alifungua lile gazeti, akailinganisha na boliti ya muuguzi. Kwenye boliti ya muuguzi palikuwa na mweupe peke yake.

"Nani huchora nyeupe?"

"Yeyote."

"Na njano?"

"Yeyote pia." Cheche alimeza mate. "Afande, ni mimi. Nimegombana na kaka mwezi mzima, kila mtu mtaani anajua. Nililegeza mimi."

"Ili?"

"Kumkomoa."

"Kwa hiyo kaka yako alisahau kukaza, na wewe ukalegeza boliti ambazo hazikukazwa. Nyumba hii mnagombea jela kama watu wanavyogombea urithi."

Cheche aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaweka njia mbili safi kwenye masizi ya uso wake.

Mlango wa nyumba ulifunguliwa. Dada yao alitoka, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kanga kiunoni juu ya suruali ya kazi. Yeye ndiye aliyepokea wateja na kununua vifaa, wakamwita Spea. Alimtazama mdogo wake, akaitazama teksi, kisha kitambaa, na akajua kila kitu kimeshaonekana.

"Mzee amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo ofisini, afande. Nakuomba."

*

Ofisi ilikuwa chumba cha hatua tatu kwa nne. Juu ya rafu, kati ya pedi za breki na makopo ya oili, palikuwa na kikopo kidogo cha rangi ya njano na brashi nyembamba, na kando yake spana moja ndefu imefungwa kwa kitambaa kisafi.

"Hiyo ndiyo ile inayolia?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo. Spana ya kipimo, inapiga tik boliti ikifika ukazo wake. Ni ya kaka."

"Kila fundi huitumia?"

Spea alikifunika kikopo cha njano kwa kiganja.

"Juzi mlimwambia askari wangu kwamba baba yenu hafanyi kazi tena, kwamba anakaa kwenye kiti na kusalimia wateja. Jana nilimpa pole, akanipa mkono. Chini ya kucha zake mlikuwa na rangi nyeupe."

Spea alishika ukingo wa meza. Kisha akakaa juu ya tairi.

"Mkono wake wa kulia," alisema. "Alipooza kidogo mwaka juzi, akapona. Sote tulimshukuru Mungu. Akarudi kazini, anacheka, anatukana watu kama zamani. Siku moja kaka akagusa gurudumu la pikapu aliyoifunga mzee, likacheza. Akaijaribu nati nyingine, nayo hivyohivyo. Mzee anavuta spana mpaka mwisho wa nguvu zake, anadhani ndio mwisho wa boliti. Hajui tofauti."

"Mkamwambia?"

"Tungemwambia vipi?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, akaishusha haraka huku akitazama mlango. "Gereji hii ndiyo uti wa mgongo wake. Mama alipofariki, siku ya tatu alirudi kwenye shimo na spana, akasema hapa ndipo ninapopumulia. Tukakaa sisi watatu, tukala kiapo. Kila anachofunga, kaka anarudia nyuma yake kwa spana ya kipimo, anachora njano. Akiwa hayupo kaka, ni Cheche. Hakuna gari linalotoka bila alama ya pili."

"Jumatatu?"

"Kaka alikuwa kwenye lori. Mimi nilikwenda dukani kutafuta pedi. Yule muuguzi alikuwa ana haraka, na mzee alimkabidhi funguo mwenyewe." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Cheche alikuwa anachomelea ekzosi. Aliinua barakoa akaliona gari linatoka getini. Akasema moyoni, mara hii moja tu, haitakuwa kitu."

Inspekta aliandika mpaka mwisho wa ukurasa.

"Afande," Spea alisema, "kaka amechagua mwenyewe. Ana nguvu, atatoka. Mzee hatatoka. Mzee hatamaliza hata mwezi. Ukimwambia kwamba ni mkono wake, humpeleki jela, unampeleka kaburini. Muuguzi ameshakufa. Unataka na wa pili wa nini?"

"Una uhakika wanaokufa wangebaki wawili?"

"Sijakuelewa."

"Kaka yako akifungwa, nani atakayerudia boliti, huyo Cheche wa mara hii moja tu?"

Spea aliitazama ile spana ndefu kwenye rafu.

"Jana," Inspekta aliendelea, "mlipokuwa mnahangaika na maungamo, mzee alifunga gari lolote?"

Spea aligeuka polepole kuelekea dirishani, kuitazama ile teksi. Gurudumu la mbele kulia, alisema kwa sauti isiyosikika vizuri. Mzee alilifunga breki jana jioni ili mwenye teksi asikose kazi. Lilikuwa na mstari mweupe tu, na Cheche ameshaufuta.

Ndipo sauti ilipotoka uani, nzito, yenye kikohozi cha kuamka.

"Mbona geti limefungwa asubuhi yote? Wateja watadhani tumekufa."

*

Mzee alisimama kwenye mwanga akiwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Alimsalimia Inspekta kwa heshima, akamwomba radhi kwa kuwa hapakuwa na kiti kisafi.

"Nimekuja kuomba msaada wako, mzee," Inspekta alisema. "Sijui magari. Nataka kuona boliti ya kaliper inavyokazwa, niandike sawasawa."

Spea alitikisa kichwa nyuma ya baba yake. Midomo yake ilitamka *nakuomba* bila sauti. Inspekta aliiona. Alitazama saa: saa tano na robo. Halafu akamtazama mzee.

"Gurudumu lolote," alisema.

Mzee alifurahi kuulizwa. Alipiga magoti mbele ya teksi, akachagua ringi spana bila kutazama, kwa kugusa tu, akalegeza boliti moja ya mbele kulia, akaanza kueleza kama mwalimu. Unaanza na vidole, usije ukaharibu meno. Kisha spana. Kisha unavuta mpaka ikukatalie. Alivuta. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamkaa juu ya mdomo wa juu. Alivuta mara ya pili, akaguna, akaachia.

"Imekataa," alisema. "Umeona? Ikikataa hivyo, hata miaka kumi haifunguki." Akatoa kikopo cha rangi nyeupe mfukoni, akachora mstari. Mkono ulimtetemeka kidogo na mstari ukapinda. "Gari nililofunga mimi halirudi."

Inspekta alichutama kando yake, akaishika ile spana kwa mkono mmoja, akaivuta. Boliti ikazunguka. Akaivuta tena, ikazunguka robo nzima, laini kama kifuniko cha chupa. Mstari mweupe ulikatika vipande viwili, kimoja huku na kimoja kule.

Mzee aliutazama. Alinyoosha mkono wa kulia, akaufungua na kuufunga mbele ya macho yake. Kisha akageuka kumtazama binti yake, akamtazama Cheche aliyekaa chini na kitambaa cha thina, akaitazama ile alama ya njano kwenye gurudumu la nyuma kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, ingawa ilikuwa mbele yake miaka miwili.

"Hiyo njano," alisema. "Mliniambia ni ya bima."

"Baba," Spea alisema.

"Usiniambie baba. Leteni shati langu."

*

Saa saba na nusu walikuwa ndani ya chumba cha mahojiano: mzee kwenye kiti, Spea na Cheche wameegemea ukuta. Jeki aliletwa na askari. Alipomwona baba yake alisimama mlangoni, akamgeukia Inspekta na kusema haraka, kabla ya yeyote kufungua kinywa:

"Chochote alichosema mzee, amechanganyikiwa. Maungamo yangu ni yaleyale."

"Jumatatu ulikuwa chini ya lori," Inspekta alisema. "Keti."

Hakuketi.

"Tangu lini?" mzee aliuliza.

"Sijui unazungumzia nini, baba."

"Nimekaza mbele ya afande. Akaigeuza kwa mkono mmoja, mtu ambaye hajawahi kushika spana maishani mwake. Nimekuuliza tangu lini."

Jeki alitazama sakafu. Mabega yake, yaliyobeba injini nzima, yalishuka.

"Tangu ile pikapu ya kijani."

"Kila gari?"

"Kila gari, baba."

"Nikimaliza, nikienda kula, wewe unakuja nyuma yangu."

"Mimi, au Cheche."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayesikiliza maelezo ya mgonjwa asiyemfahamu. Alipozungumza tena hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowafanya watoto wake wote watatu wainue nyuso.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tuliogopa," Jeki alisema. "Tulijua ukiambiwa uache kazi, utakufa."

"Mlijua."

"Ndiyo, baba."

"Nani kati yenu aliniuliza?"

Cheche alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

"Ningeacha," mzee alisema. "Mngeniambia asubuhi, mchana ningekuwa kitini napokea wateja. Ningewanunia wiki moja, mbili. Ningelalamikia chai, ningelalamikia kila kitu. Lakini ningeacha. Mimi ni fundi. Mnadhani ningempa mtu gari nikijua mkono wangu haufai?"

Jeki aliketi. Aliketi vibaya, nusu ya kiti, na askari akamshika bega asianguke. Alitoa sauti moja tu, fupi, kisha akabaki ameinama, paji la uso juu ya meza.

Inspekta aliyachukua maungamo ya jana, akayaweka pembeni. Alitoa karatasi nyeupe nne, akazipanga mbele yake. Nje, gari la mahakama lilipiga honi. Mkuu wa kituo alifungua mlango, akakuta watu wengi kuliko alivyotarajia.

"Tayari?" aliuliza.

"Bado," Inspekta alisema.

"Maungamo si unayo?"

"Ninayo. Ni ya uongo." Alimsogezea mzee karatasi ya kwanza na kalamu. Mzee aliishika kwa mkono wa kulia, ikamponyoka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akaanza kuandika jina lake, polepole, herufi moja baada ya nyingine.